Vipanga wa Wete

Tuliitwa vipanga, kwa kejeli:
mimi na Shaame Faki, wawili tu Wete nzima,
tukifungua redio za watu nyuma ya tangi la skuli,
tukinusa moshi wa lehemu
kama wenzetu wanavyonusa udi.
Mpira ukija upande wetu tuliukwepa.
Harusini tulipewa jenereta, tulilinde.

Leo Ruzuna, binti wa dada yangu,
amefungua redio ya marehemu bibi, iliyonishinda mimi.
Simu imeegemea kopo la maziwa, inamtazama.
Miwani ameivaa, na macho yake hayana neno.
Kabla ya magharibi watu elfu kumi na mbili
wamekwisha kumtupia mioyo.
Wasichana wa Mtemani wanaandika:
"Nami pia kipanga."

Nami pia!
Neno lililonifungia milango
sasa ni kanga, kila mtu anajifunga.

Nilinuna. Nikasema: enzi zetu
hatukuwa tukimwonesha mtu.

Akauliza, uso hakuuinua:
"Kwani mjomba, mngempata wa kumwonesha
msingemwonesha?"

Nikamkumbuka Shaame,
aliyeweka koleo chini siku moja
akenda Chake kuuza mitumba,
si kwa njaa.
Alichoka kuwa wawili tu.

Saa nne usiku simu ikaisha chaji.
Ruzuna hakuona.
Waya kaubana kwa meno, kidole juu ya saketi,
ananiuliza, maneno nusu nusu,
mbona hapa panapata moto.

Nikavuta kiti.