Kaseti ya Shaame

Wete, umeme umerudi saa nne.
Nafungua kaseti kwa bisibisi ya cherehani ya mama,
nachovya pamba kwenye spiriti,
nasugua meno yake ya shaba, moja moja.
Pamba inatoka na kijani, kisha weusi.

Fundi Mbarouk kaniambia jana:
si chumvi ya bahari tu iliyoyala,
ni mate. Mlikuwa mkipuliza.

Kweli, tulipuliza. Shaame zaidi,
mashavu kama ya bunju,
"Bismillahi," halafu anachomeka.

Basi kutu hii ni pumzi yake.
Jino la mwisho, la pembeni,
silisugui.

Nachomeka. Kioo kinatoa chenga,
kinatetema, kinatulia,
kinauliza kama zamani:
mchezaji mmoja,
au wawili?