Upo?

Wameiita mpakato,
nami naibeba mgongoni kama mwana wa mbeleko,
mfuko wa nailoni ndani ya mfuko wa turubai,
maana mvua ya Pemba haibishi hodi.
Saa kumi na mbili kasoro, gia ndogo, mlima wa Chwale,
goti la kushoto linalia kama bawaba ya mlango wa choo.
Shaame ananipita na madumu ya maziwa.
"Upo?"
"Nipo."
Neno limekwisha, kila mtu na mteremko wake.

Saa tatu nipo tena,
safari hii ni kidoti cha kijani ubavuni mwa jina langu.
Marit yuko Tallinn, dirisha lake bado jeusi,
theluji, anasema, imeziba ngazi.
Anauliza majani hayo nyuma yangu
ni picha ya kubandika?
Kuku wa Bi Mafunda alinijibia:
akapita, akadonoa waya, akaenda zake.

Ninachokifanya hakisimuliki barazani.
Kuna duka la viatu huko kwao,
watu wananunua usiku kucha bila kumwona muuzaji,
na mlango ukinata, mimi ndiye ninayeamshwa.
"Fundi wa milango," mama huwaambia wanaouliza.
Tangu hapo nimeshaletewa vitasa viwili.

Wenzangu wakizima mashine hulipia jasho,
hukimbia juu ya mkanda usiokwenda popote.
Marit aliponieleza nilidhani ananitania.
Mimi jioni hukimbia mpaka ukingo wa msitu wa Ngezi,
Ijumaa naogelea Vumawimbi hadi masikio yazibe,
na deni la usingizi nalilipa kidogo kidogo,
kama deni la dukani.

Ila mwezi wa karafuu hausomi ratiba.
Karafuu ikifumbua jicho, bei inafumba lake.

Basi jana mchana
nilikuwa juu ya mkarafuu wa tatu, kamba kiunoni,
pakacha nusu,
simu ikatetemeka mfukoni mwa suruali iliyo chini ya dera.
Nikasoma kwa sauti, ujinga wangu:
"Imeanguka!"
Mama akatupa jamvi, akaanza kuhesabu watu mitini,
Asaa, Khatib, Riziki, mwana wa Riziki.
"Kaanguka nani?"
"Seva, mama."
"Mtoto wa nani huyo?"

Nikashuka, ngozi ya muundi ikabaki kwenye gome.
Nikaketi juu ya gunia, nikaipakata
(leo jina lake limetimia),
nikaweka kidole.
Hakitambuliki.
Nikakipangusa kwenye dera.
Hakitambuliki.
Kilikuwa cheusi kwa utomvu, kinanuka mti,
na mashine iliyonijua miaka mitatu
ikanitazama kama karani wa bandarini:
wewe nani?

Nikaandika nywila herufi kwa herufi.
Dakika arubaini, bando likiyeyuka,
Riziki akinisukumia rundo nichambue makonyo
bila hata kuniangalia usoni,
mkono mmoja kwenye karafuu, mmoja kwenye mistari ya seva,
sikumbuki upi ulimaliza mwanzo.
Kosa lenyewe lilikuwa tumba tu, halijafumbua:
nukta mahali pa mkato.
Viatu vikaanza kuuzwa tena.

Usiku nimesugua vidole kwa ndimu na majivu.
Weusi umekataa.
Marit kaandika, "Upo?"
Kidoti changu kimeshakuwa cha manjano,
mikono imelowa, nikamwacha angoje kidogo.
Kisha nimekisajili kidole upya,
hivyo hivyo kilivyo, na weusi wake.

Sasa nangoja msimu uishe,
ngozi ibanduke, nirudi msafi,
nione kama itanijua.