Mkono wa Nsimire

Mvua ya Kadutu haina adabu:
ilimwangusha Nsimire na gunia la makala,
kiganja mbele, kwenye ngazi za udongo.
Sisi wa chini tulisikia ka!
kama kijiti cha kuwashia mbabula.

"Nimeteguka tu," akasema, akiokota makala
kwa mkono mmoja.
Jirani akaja na mawese, apate kuuchua na kuuvuta.
Nikamzuia. Niliutazama ule mkono:
umepinda juu ya kiwiko cha kiganja, kama uma wa mezani,
umevimba hadi bangili imezama.

"Chezesha vidole."
Kimoja kikakubali. Vingine vikawa wageni,
baridi, kucha zimepauka
rangi ya muhogo uliolowekwa.

Bangili tuliikata kwa koleo la fundi Cirhuza.
Mkono tukaulaza juu ya katoni ya sabuni,
tukaufunga kwa kitenge vilevile ulivyopinda,
tukapanda pikipiki, mimi nyuma nimemshika kiuno,
kila shimo la barabara akiung'ata mtandio.

Muuguzi aliuliza saa ya kuanguka.
"Saa tisa."
Akatazama ukutani: saa kumi.
"Mmewahi."

Ndipo Nsimire alipolia.
Aliyalilia makala.