Jogoo wa Kapuskasing

Kadi yenyewe haizidi kiganja cha mtoto,
na ukiinusa karibu bado ina sukari
ya ile chingamu ngumu kama kigae
iliyofungwa nayo mwaka wa hamsini na nne.
Mbele, Ovila Charlebois anacheka.
Jino la mbele halipo. Jirani yake naye kahama.
Mchoraji wa kampuni, sijui kwa huruma gani,
kampaka wekundu mashavuni
na kumvisha jezi ya buluu.
Ilikuwa ya kijani.
Najua, maana mama ndiye aliyeifua.

Damu haifuliwi kwa maji moto, alinifunza,
maji moto huipikia humo humo ndani ya uzi.
Chumvi, maji ya baridi, subira.
Kila Jumatatu gunia la jezi lilibwagwa mlangoni petu
nami nikachakura hadi namba saba,
nikihesabu madoa:
hili lake, hili la watu.
Ya watu yalizidi.

Alikuwa mbeba magogo kiwanda cha karatasi.
(Huenda kadi hii nayo ilipita begani pake
ingali mti.)
Akifunga goli, hurukia ubao wa uzio,
hukunja mikono kama mbawa,
huwika mara tatu,
na sisi wa viti vya senti kumi tunamwitikia
hadi mvuke wa vinywa vyetu unaficha taa.

Jogoo wa shamba hawiki mjini?
Aliwika Montreal usiku wa kwanza.
Usiku wa pili wakamrushia mahindi.
Wa tatu, mtu akatupa kuku mzima kwenye barafu,
maskini anateleza, makucha yanaandika upuuzi,
na Ovila, aliyekuwa akiburutwa kwa ngumi zake
kwenda kizimba cha adhabu,
akainama, akamwokota,
akaketi naye mapajani dakika tano zote
akimfunika kwa glavu.
Alirudi naye kwa treni.
Akampa jina la mke wa kocha.

Labda ndiyo sababu hakudumu.
Au goti. Goti lilisikika likikatika
hadi safu ya mwisho, walisema,
kama tawi lililobeba theluji kupita kiasi.
Misimu mitatu, basi.
Kisha timu za miji isiyo na stesheni,
kisha matairi, dukani kwa shemeji,
kisha tingatinga la kufagia theluji, saa kumi za usiku,
akipita mtaani kwetu anapiga honi mara tatu.

Mwaka jana mkusanyaji wa Ottawa alinipigia simu:
kadi ikiwa safi, dola elfu tisa.
Safi ilikuwa. Nililala juu yake
utoto mzima, ndani ya kitabu cha sala.
Nikaona si adabu kuiuza kabla mwenyewe hajaiona.

Alikuja na mkongojo na keki ya dukani.
Uso wake hakuutazama. Aliigeuza,
akavaa miwani, akasoma mgongo wake
kama mtu anayekagua deni.
“Uzito ratili mia tisini. Uongo.
Siku ya mizani nilitia vyuma mfukoni.”
Akaendelea. Akanyamaza.
“Magoli kumi na moja?”
Yalikuwa kumi na mbili. Mwandishi wa matokeo alikuwa mlevi,
moja akampa Beaulieu.
“Beaulieu alikuwa na watoto sita
na mkataba unaisha. Sikubisha.”

Kalamu ilikuwa pale, ya kuandikia orodha ya soko.
Ningeweza kumshika mkono.
Alikata kumi na moja, akaandika kumi na mbili,
taratibu, wino ukizama,
ulimi ukichungulia pembeni mwa meno mapya.

“Umeiua,” alisema yule wa Ottawa.
Nikamwambia ndiyo, akakata simu.

Ila siku ile, kabla ya chai,
Ovila aliigeuza mbele, hatimaye,
akaisogeza dirishani, akakunja uso.
“Buluu?” aliuliza.
“Mama yako aliiona hii?”