Bado

Nyumba yetu Mabatini imeegemea jiwe
kama mtoto anayesubiri kubebwa,
na juu ya bati, kati ya jiwe na mbingu,
dishi limelala chali,
maana kwetu huku setilaiti haiko upeoni,
iko karibu na utosi.

Miezi sita nilipanda pale kila jioni,
spana namba kumi mfukoni, malapa mkononi,
nikinyata bati lisije likaniumbua.
"Holo! Vipi huko?"
"Bado!"
Nasukuma kushoto, upana wa ukucha.
"Na sasa?"
"Imekuja... ngoja... imekwenda!
Rudisha ulikotoka!"
Nani ajuaye alikotoka
kwa upana wa ukucha?

Mtaa mzima ulijua ratiba yetu.
Mama Bahebe, ng'ambo ya mtaro,
alijibu kabla ya mke wangu:
"Bado, baba Tungu, bado!"
na watoto wenye ndoo wakaitikia, bado.
Picha ikigoma, Holo alinirushia habari zake mwenyewe
kupitia dirishani: unga umepanda,
Tungu karudishwa shule, hana soksi,
dada wa Sengerema kajifungua, wa kiume,
na wewe shuka, unaiona hiyo inayokuja?

Mvua ya ziwa haibishi hodi.
Mtangazaji anaanza kumeguka,
mdomo huku, jicho kule,
kisha kioo cheusi na maneno yale yale:
Hakuna mawimbi.
Hakuna mawimbi!
Na ziwa lote lile hapo chini.

Mwishowe Holo akamleta fundi, Nyanzobe wa Igogo,
mwanamke mfupi mwenye begi la shule.
Hakutazama mbinguni hata mara moja.
Alijaza maji chupa nusu,
akaisimamisha sambamba na nguzo, akacheka:
"Setilaiti haijaenda popote, kaka.
Nguzo yako ndiyo imelewa."

Akaing'oa. Akakoroga saruji na kokoto,
akanishikisha nguzo wima mpaka mikono ikatetemeka.
Akakata kebo pale ilipochubuka,
yakadondoka maji, matone matatu,
ndiyo yaliyotunyima usingizi nusu mwaka.
Akasugua kichwa cha dishi: utando wa buibui,
wadudu wa ziwani waliokauka kama kunde zilizoungua.
Kimashine chake kikalia pi, pi, pipipi,
kisha mlio mmoja mrefu.
Akakaza nati, akazipaka rangi ya kucha, nyekundu.
"Rangi ikipasuka, ujue kuna mtu kashika."
Akanitazama. Sijui kwa nini alinitazama.

Asilimia themanini na mbili.
Mvua ikaja, ikapiga bati kama inadai kodi:
sabini na moja, haikushuka tena.
Mtangazaji akabaki na uso wake wote.

Nasi tukakaa kwenye kochi.
Wiki ya kwanza. Ya pili.
Holo anatazama tamthilia,
mimi namtazama Holo anavyotazama.
"Unga siku hizi bei gani?"
"Shh."
Mama Bahebe akanikuta dukani, akashangaa:
"Kumbe mpo? Nilidhani mmehama."

Jana, baada ya chai, nikapanda.
Bila spana, naapa.
Rangi ya kucha nzima, dishi halijatikisika,
na kutoka chini taarifa ya habari inasomwa,
naisikia neno kwa neno, hadi pumzi ya msomaji.
Nikainama ukingoni mwa bati.
"Holo! Vipi huko?"

Kimya kidogo.
Msomaji akaendelea, hakukwama popote.
Kisha sauti ya mke wangu, ile ya juu, ya zamani:

"Bado!"