Shingo Upande

Miaka ishirini na miwili nimeketi kushoto kwake,
stendi moja ya noti, penseli moja,
mimi ndiye mfungua kurasa.
Hakuna aijuaye shingo ya Zdislava kama mimi,
hata marehemu mumewe, aliyelala kulia.

Chini ya taya ana alama ya kahawia,
ngumu kama kisigino,
hapo viola inapomuuma tangu ana miaka tisa.
Kuizunguka, ngozi ililegea bila haraka,
kamba mbili zikajitokeza kooni,
sikuzitaja, naye hakuzitaja.

Kisha likaja bango la msimu mpya,
likabandikwa kila kituo cha tramu, Brno nzima.
Akajiona: kidevu juu ya mbao,
nyama imemwagika pembeni kama unga uliozidi maji.
"Nani huyu?"
Nikasema, "Ni wewe, shingo upande."
Hakucheka.

Daktari Vrba hakumpaka asali mdomoni.
Alichora kwa kalamu ya zambarau:
hapa nitapasua, nyuma ya sikio,
na hapa, chini ya kidevu.
Msuli huu mpana, mwembamba kama shali,
nitaukaza katikati kwa nyuzi.
Ngozi nitaivuta, itakayozidi nitaikata.
Kovu litajificha.
Uzee hautajificha, mama;
nitaurudisha hatua chache,
nao utaanza tena kutembea.

"Unavuta sigara?"
"Hapana," alisema Zdislava.
"Ndiyo," nilisema mimi, "roshanini, kila baada ya mazoezi."
Akanikanyaga.
Ngozi iliyobanduliwa huishi kwa damu kidogo, alisema daktari akiandika,
na moshi huinyang'anya hata hiyo.
Wiki sita bila sigara.
Mbili bila aspirini, bila supu ya kitunguu saumu,
na ilikuwa Januari!
Baadaye, wiki nane bila viola.
Hapo ndipo aliponyamaza.

Usiku wa kwanza nililala kitini kwake.
Mito mitatu chini ya kichwa, bendeji kutoka utosini hadi kidevuni,
mrija mwembamba ukidondosha wekundu kwenye kichupa.
Tulikuwa tumeambiwa:
kuvimba ni kawaida,
lakini ukivimba upande mmoja, ghafla, usingoje kuche.
Saa nane za usiku upande wa kushoto,
upande wangu,
ulikuwa mgumu kama tufaha bichi.
Teksi. Theluji. Dereva akiomboleza goli la jana.
Daktari akaja na koti juu ya pajama,
akakata nyuzi tatu, akatoa damu iliyoganda,
akafunga mshipa mdogo uliokuwa umejifungua wenyewe.
"Mngengoja hadi chai ya asubuhi..." alisema,
hakumalizia.

Wiki ya pili alikuwa wa kijani na njano.
Ya tatu, mtoto wa jirani alimwambia anafanana na dada yake mwenyewe,
naye akamnunulia keki mbili.
Sikio limebaki na ganzi:
anashika hereni
kana kwamba imening'inia kwa mtu mwingine.
Itarudi, wanasema, pengine kabla ya kiangazi.

Aprili aliitoa viola kwenye kisanduku.
Ikatafuta kitanda chake, haikukikuta.
Alama ilikuwa imepanda
upana wa kidole, kuelekea sikio,
imevutwa pamoja na ngozi.
Aliiweka huku, akaiweka kule,
kama mtu anayepapasa swichi gizani
katika nyumba aliyohamia jana.
Akapiga noti moja ndefu, chafu.
"Mama yangu," alisema. Kisha akapiga nyingine.

Sasa anazo mbili:
ya kale, juu, haina kazi,
na mpya, nyekundu bado, palepale pa zamani.
Kamba zimetoweka. Taya ina kona.
Ni mzuri, siwezi kusema uongo,
na sigara amerudia.

Bado nafungua kurasa.
Jana usiku, mbele ya kioo cha bafuni,
niliishika ngozi yangu kwa vidole viwili,
nikaivuta kidogo tu, kuelekea sikio.
Nikaiachia.
Nikaivuta tena.