Safu ya Kada

Daftari la mahudhurio lina safu nne:
jina, kada, saa, sahihi.
Mimi ndiye ninayelipiga mistari kila Jumatatu,
rula ya mbao, kalamu nyekundu,
ukungu wa Newala ukiwa bado umeegemea dirisha la masjala.
Madaktari juu, kisha wauguzi, maabara, famasia,
wa usafi, walinzi wawili, dereva.
Chini ya dereva, nje ya mstari wa mwisho,
kwa mwandiko wa shule za zamani:
Padri Lino Nambunga. Saa kumi na moja alfajiri.
Kada: peupe.
Mwaka wa kumi na moja huu, peupe.

Wakaguzi walipokuja kutoka Mtwara
mmoja aliweka kidole papo hapo.
"Huyu ni mtumishi au mgeni?"
Nikasema, anakaa na wagonjwa.
"Anakaa. Halafu?"
Halafu sikuwa na neno linaloenea kwenye fomu.
Akataka takwimu. Padri akaleta daftari lake,
mgongo umeshonwa kwa uzi wa gunia la korosho:

*Kitanda cha tatu. Kijana wa Mnyambe, salfa kifuani.
Hataki sala. Tumezungumza bei ya mnada.*

*Kitanda cha tisa. Bi Somoe Likwata.
Nimempigia Maalimu Chitanda aje na Yasini.
Umeme umekatika. Nimemshikia tochi akisoma.*

*Kitanda cha kumi na nne. Mtoto. Mama yake. Nimekaa.*

*Kumi na nne. Nimekaa.*

*Kumi na nne.*

Mkaguzi alifunua, akafunua, akafunga.
"Hapa hakuna matokeo," alisema,
lakini alilirudisha daftari kwa mikono miwili.

Sikumwambia habari za baba yangu.
Wodi ya wanaume, masika, pumzi zake zikikwaruza
kama jembe kwenye changarawe.
Daktari alifanya yake, akayafanya vizuri.
Muuguzi alikuwa na wagonjwa thelathini na mikono miwili.
Mimi, mwanawe wa kumzaa, niliogopa,
nikatoka kuhesabu pikipiki getini.
Baba alikuwa akiuliza kwa Kimakonde, tena na tena,
kama mbuzi wamefungwa.
Padri akanifuata hadi getini.
Nilidhani amekuja kunituliza. Aliuliza:
"Ni wangapi? Na nani kawafunga?"
Wanne, nikasema. Mdogo wangu Nachenga.
Akarudi ndani na jibu hilo,
akalitoa usiku kucha, kila alipoulizwa,
kana kwamba ndiyo mara ya kwanza:
wamefungwa, mzee, wote wanne, kawafunga Nachenga.

Kazi hiyo niiweke safu gani?

Mwaka huu barua imejibiwa, kitambulisho kimekuja.
Lino wameandika Rino.
Kada: MENGINEYO.
Matroni Tekla alichukia, akataka kirudishwe kwa basi la kwanza.
Padri alikivaa. Akapita masjala, akasimama mlangoni
kama mtu anayedaiwa,
akauliza kama sasa, kwa kuwa yumo,
anaruhusiwa kuomba kitu stoo.

Kiti.
Kimoja tu, kisichopiga kelele kikivutwa usiku.
Miaka yote hiyo alikuwa akikalia ndoo iliyopinduliwa,
na mimi, mpiga mistari, sikuwahi kuiona kuwa ni ndoo.

Fomu nimeijaza mwenyewe.
Idadi: 1.
Matumizi: hapo nilifikiri mpaka chai ikapoa.
Nikaandika: kukaa.

Stoo wamejibu viti vimekwisha, tusubiri robo ya tatu.

Leo Jumatatu. Nimeushusha mstari wa mwisho
upana wa kidole, Padri akawa ndani.
Penye kada nimeandika neno, nikalifuta,
nikaandika jingine, nikalifuta,
hadi karatasi imetoboka.

Saa kumi na moja na robo.
Sahihi yake imekwisha kukauka.
Ndoo haipo chini ya bomba;
wa usafi wanaijua ilipo, hawaulizi.